Historia ya Asieli Mwana wa Seraya, Mfinyanzi wa Gedera, Aliyefia Uani

Ndugu wa ukoo wetu, wafinyanzi wenzake marehemu, majirani wa Gedera, na ninyi mliotoka Netaimu kwa miguu katika tope hili, poleni na njia, sogeeni karibu, maana sauti yangu leo si ile mliyoizoea. Mimi ni Hogla binti Seraya, tulioachiana ziwa na marehemu, na wengi mnanijua kwa kazi yangu ya kuwalilia wafu, nimewalilia baba zenu na mama zenu mpaka kuna waliosema Hogla ana machozi ya kuitwa, basi leo sijaitwa na mtu. Tarehe nimeandikiwa na mwandishi wa langoni juu ya vigae hivi saba mnavyoviona mkononi mwangu, na vigae vyenyewe mtasikia vilitoka wapi, lakini mengine yote ni ya kinywa changu, kwa hiyo mwenye lawama asimfuate mwandishi.

Marehemu Asieli alizaliwa hapa Gedera, siku ya tano ya mwezi wa Zivu, miaka ishirini na saba kabla ya tetemeko, akiwa mtoto wa tatu wa mzee wetu Seraya, mfinyanzi wa mfalme, na mama yetu Hela, na alizaliwa katika chumba cha gurudumu, kwa sababu mvua za mwisho mwaka ule zilikuwa zimebomoa paa la chumba cha pili, hivyo mama alijifungua kati ya mitungi mibichi na baba akasimamisha kazi siku moja tu, ya pili akaendelea.

Kuhusu masomo yake, aliingizwa kwenye shimo la udongo akiwa na miaka saba, akakanyaga udongo kwa miguu misimu minne kabla ya kuruhusiwa kugusa gurudumu, na alipofika miaka kumi na minne akafanya kosa ambalo kila mfinyanzi hapa analijua, alikosa kuchekecha udongo akaacha punje za chokaa ndani yake, mitungi ikatoka tanurini mizuri ya kupendeza, na baada ya siku tatu ikaanza kubanduka vipande kama mkate mkavu, watu wakiwa wameshaibeba kwenda nayo kwao. Baba hakumpiga, alimtafutia mtungi mmoja kati ya ile iliyobanduka, akamwambia atakunywa maji ya humo mwaka mzima, naye akanywa, kila asubuhi akiukuta nusu kwa kuvuja, na tangu hapo hakuna mtu wa Yuda aliyewahi kurudisha chombo cha Asieli.

Kazi aliirithi baba alipofariki, mwaka wa tatu kabla ya tetemeko, akapewa muhuri wa kugonga kwenye mishikio ya mitungi ya ghala ya mfalme, akaugonga miaka thelathini na saba. Tetemeko lilipokuja lilivunja kila chombo kuanzia hapa hadi Hebroni, na nawaambia bila kuficha kwamba wafinyanzi ndio waliokula vizuri mwaka ule, lakini tetemeko hilohilo ndilo lililomwangushia ukuta Mahala, binti yake wa miaka mitatu, kwa hiyo watu walipompongeza kwa wingi wa kazi alikuwa akiinama kwenye gurudumu bila kujibu, wakamwita mwenye kiburi.

Marehemu alifunga ndoa na Naara binti Husha wa Netaimu, mwezi wa Ethanimu, miaka tisa kabla ya tetemeko, akamtolea mahari ya mitungi kumi na miwili yenye mafuta, na wakwe zake walisema hadharani kwamba mafuta yalikuwa ya kawaida ila mitungi ndiyo waliyoitaka. Walijaliwa watoto watatu, Yamleki aliye mbele yenu, Mahala niliyekwisha kumtaja, na Yosha aliyezaliwa mwaka wa pili baada ya tetemeko. Naara ndiye aliyesugua vyombo kwa kokoto mpaka vikang'aa, na walikuwa wakitaniana kutwa, yeye akisema Asieli anafinyanga matumbo tu na uzuri wote ni wa mkono wake, na Asieli akimjibu kwamba tumbo ndilo linaloshika maji. Mimi nilipofiwa na mume nikarudi kwa kaka yangu, wakanijengea chumba ukutani mwao, wala sikusikia hata siku moja nikihesabiwa mkate.

Sasa nimefika mahali ambapo wengine wangependa niruke. Miaka saba iliyopita, siku ya tisa ya mwezi wa Abibu, Naara aliugua homa akalazwa katika chumba cha gurudumu kwa kuwa ndicho chenye joto, na humo kulikuwa na mitungi sabini iliyotoka tanurini, myeupe kwa vumbi, midomo wazi, ikingoja punda. Ilipoonekana hatapona, na muda wa kutoa mitungi yote sabini haukuwepo, wazee walikuja wakamshauri kaka yangu amtoe nje, kwa kuwa mnaijua sheria, mtu akifia ndani ya nyumba kila chombo kilicho wazi humo ni najisi siku saba, na cha udongo hakioshwi, kinavunjwa. Asieli aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasema, "Mke wangu si jivu la tanuri nimwage uani," akafunga mlango, akakaa naye mpaka akakata roho. Baada ya maziko alichukua nyundo ya mbao akaivunja mitungi yote sabini kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, akakataa kusaidiwa, na kilichosalimika ni mtungi mmoja wa zeituni tu, ambao Naara mwenyewe alikuwa ameufunga kifuniko kwa kamba na kuuziba udongo. Vigae ninavyovisoma leo ni vya siku ile, nilivifagia mimi nikavitunza.

Kazi ya msimu mzima ilikuwa imekwenda, tukala mboga chungu za porini, na majirani walitupa walichoweza, Mungu awakumbuke, lakini kabla ya mavuno ya shayiri mtoto mchanga wa Yamleki alifariki kwa kuwa mama yake hakuwa na maziwa. Yamleki alisimama mbele ya baba yake siku ile, na mimi nilikuwepo, akamwambia, "Baba, wafu wamekula chakula cha walio hai." Asieli hakumkemea. Neno lile lilimkaa tumboni miaka saba, na mtu asiniambie kwamba alikuwa amelisahau.

Ugonjwa wa marehemu ulianza kiangazi hiki kwa kikohozi, kifua kilichonyweshwa moshi miaka hamsini kikadai chake, akatema damu mwezi mzima, akabandikwa tini zilizopondwa na kupakwa zeri, akapata nafuu ya siku mbili tatu na kurudi palepale. Hata hivyo mwezi wa Ethanimu alikamilisha agizo la ghala, mitungi sitini, nusu ikapakiwa punda na wanawe wakaondoka nayo, safari ya siku tisa kwenda na kurudi, na nusu, yaani thelathini, ikabaki katika chumba cha gurudumu. Walipopotea machoni tu, akaniita, akaketi gurudumuni akishikilia ukuta kwa mkono mmoja, akaanza kufinyanga vifuniko. Nilimwuliza ni vya nini, maana ghala haijawahi kuagiza vifuniko, akaniambia, "Nataka kufia humu nilimozaliwa, Hogla, alipofia Naara, na sitaki mtoto wa mtu akose maziwa kwa ajili yangu."

Alifinyanga vifuniko thelathini kwa siku tano, akavichoma katika tanuri dogo la mikate akinituma kuleta kokwa za zeituni za kuwashia, kisha mimi na yeye tukafunga kamba kila mtungi na kuziba ukingo kwa udongo, siku mbili nyingine, yeye akikohoa na mimi nikimtukana apumzike. Nilimwambia wanawe wakirudi waambiwe, akakataa, akasema, "Wakijua nimejiandalia kifo wataanza kugombea gurudumu kabla sijapoa, ngoja nife kwanza ndipo uwaambie." Nilicheka, ndugu zangu, nilicheka nikamwapia kwamba nitanyamaza. Tukatandaza magunia na mikeka juu ya mitungi, wanawe waliporudi akawaambia yasifunuliwe vumbi lisije likaingia, wasubiri punda wapumzike, nao ni watoto watiifu, hawakufunua.

Siku ya kumi na moja ya mwezi huu wa Buli alipooza upande wa kushoto na ulimi ukamfunga. Siku ya kumi na tatu waliniita Netaimu kumlilia tajiri mmoja ambaye sikumjua hata kwa sura, nami nikamtazama kaka yangu, nikaona amelala vizuri, nikajifunga gunia kiunoni nikaenda, na asiniulize mtu kwa nini nilikwenda, kwa maana swali hilo ninalo tayari.

Jana, siku ya kumi na nne, baada ya mbuzi kukamuliwa, pumzi yake ilibadilika. Yamleki na Yosha walimnyanyua pamoja na mkeka wake wakamtoa chumba cha gurudumu, wakamlaza uani penye sakafu ya kukanyagia udongo, mbali na kila paa, na hili nalisema mbele yao, nao watanisahihisha nikikosea. Walidhani ni pumzi chache zilizobaki. Zikawa nyingi, na saa tatu asubuhi mvua ya kwanza ya mwaka ikaanza kunyesha, Yosha akamfunika ngozi mbili za kondoo na kumshika kichwa kwenye mapaja yake, nasema ukweli, hakumwacha, na walimpa maji, na kila walipomletea kikombe yeye alikuwa akiweka kiganja chake kizima juu ya mdomo wa kikombe, anakibonyeza, anaangalia mlango wa chumba, anabonyeza tena, nao wakaona hataki kunywa wakakiondoa. Akafariki saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, chini ya mvua, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni mwake. Nimezipima hatua hizo.

Mimi nilifika akiwa bado ana uvuguvugu kifuani. Yamleki alinipokea langoni pa ua, ameloa, macho mekundu, akanishika mikono yote miwili akaniambia, "Shangazi, angalau mitungi imesalimika." Nikajitoa mikononi mwake, nikaenda kumsafisha kaka yangu tope.

Kwa niaba ya familia namshukuru mganga wetu, Mzee Elhana, aliyekuja kila siku ya pili na zeri yake na hakutudanganya hata mara moja, nawashukuru wanawake wa mtaa wa kisimani mliokanda mkate wa matanga kabla hatujaomba, na wafinyanzi wa Gedera na Netaimu mliozima matanuri yenu leo, jambo ambalo najua lina hasara, tena siku ambayo udongo ulishakuwa tayari. Nawashukuru pia watu wa tajiri wa Netaimu, ambao walisifu jinsi nilivyomlilia mtu wao tangu asubuhi mpaka alasiri, sauti haikukatika.

Yamleki, Yosha, wanangu, nilikuwa nimekusudia kunyamaza, mkajionee wenyewe, halafu nikaona huo ni ukatili, na tena nikaona kuwaambia faraghani ni kujificha, kwa kuwa kosa la kunyamaza ni langu na wote hawa wanapaswa kulijua. Siku ya saba, mkishanyunyiziwa maji na kufua nguo zenu, ingieni chumba cha gurudumu muondoe magunia. Mitungi yote thelathini ina vifuniko. Vimefungwa kamba, vimezibwa udongo, vidole vya baba yenu vimo kwenye kila ukingo na vyangu pembeni yake. Angefia pale alipotaka, pasingevunjwa hata mmoja, na mtoto yeyote asingelala njaa. Hicho ndicho alichokuwa akiwaambia kwa kiganja, tangu asubuhi mpaka saa tisa. Yosha mwanangu, unakwenda wapi, simama, sijamaliza, mshikeni Yosha.

Sikusema haya ili mchukiane, wala Yamleki asiwe mtu wa kuzikwa wa pili, anajua mwenyewe alimzika nani mwaka ule na kwa nini aliogopa. Aliwaogopea watoto wenu, na baba yenu naye aliwaogopea watoto walewale, wote wawili kimyakimya, na mimi katikati nikiwa na kiapo changu cha kijinga. Mitungi ipelekeni ghalani kama alivyoagiza, pamoja na vifuniko vyake, msivifungue.

Asieli mwana wa Seraya, kaka yangu, Naara yuko kaburini, upande wa kulia wa benchi la jiwe, tumekuwekea nafasi pembeni yake. Lala na baba zako kwa amani, humo ndani hamvuji.