Alama Kumi na Moja za Bi Nukta

Wasikilizaji wapendwa, kama pana kitabu karibu nawe, kifungue pale ulipoishia. Sasa rudi ukurasa mmoja nyuma. Unakumbuka ulisoma nini? Wengi wetu tutacheka na kusema, "Aa, nilikuwa nasinzia." Kisha tutaendelea na shughuli zetu. Mama tunayemkumbuka leo hakuweza kucheka. Alijiuliza swali hilo kila asubuhi kwa miaka ishirini na saba, na kila asubuhi aliliogopa.

Kazini walimwita Bi Nukta. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki Alhamisi iliyopita, jioni, kwa ugonjwa wa moyo. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Bi Nukta, msahihishaji wa vitabu, amefariki akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Jina hilo alilipata kwa ukaidi. Mitambo ilikuwa imekwisha kuwashwa, karatasi zinatoka kwa mamia, alipoingia mbio na kuamuru izimwe. Ukurasa mmoja ulikuwa umekosa nukta.

"Mama, nukta moja tu?" msimamizi akamaka.

"Bila nukta, huyu mtu hajamaliza kusema," akajibu. "Zima."

Mitambo ikazimwa.

Usahihishaji, wasikilizaji wapendwa, ni kazi ya watu wawili. Mmoja hushika mswada na kusoma kwa sauti. Husoma kila kitu, pamoja na vituo: "Mama akaingia, mkato, akaketi, nukta, aya mpya." Wa pili hufuata kwa penseli kwenye karatasi iliyochapwa. Ukurasa ukikamilika, huyo wa pili hutia alama kwenye kona ya chini. Alama ya Bi Nukta ilikuwa ndogo, imepinda kama ndoano. Na pale kiwandani palikuwa na sheria iliyozipita zote. Ukurasa wenye alama umesomwa. Haurudiwi wala haubishaniwi. Kichwa cha mtu huweza kukosea, alama haikosei. Ishikeni sheria hiyo. Tutaihitaji.

Hofu yake ilianza alipokuwa na miaka arobaini na minne. Siku moja mchana alikwenda kumtazama mama yake mzazi. Nyumba ilikuwa kimya. Akasikia mlango wa chumba cha kulala unagongwa kutoka ndani. Taratibu, mara tatu. Kisha sauti ya mama yake: "Hodi. Hodi jamani."

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mama yake alikuwa amesimama ndani ya chumba chake mwenyewe, akisubiri kukaribishwa nje.

Bi Nukta akaufungua. Mama akamtazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni, akauliza, "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?"

Tangu siku ile, hodi ile haikumtoka masikioni. Alimuuguza mama yake mpaka mwisho. Kisha akaanza kujichunguza. Alipotafuta funguo, moyo ulimpaa. Jina la jirani lilipochelewa kuja ulimini, jasho lilimtoka. Akaenda kwa daktari. Daktari hakumwahidi kitu.

"Soma," alimwambia. "Cheza mchezo wowote unaokufanya utoke jasho na uhesabu. Kaa na watu. Sikuahidi kinga. Nakuahidi tu kwamba hutazijutia siku hizo."

Bi Nukta aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika reli ya ngazi gizani. Kila asubuhi alisoma kurasa kumi za kitabu, si za kazini, bali za kwake, na kila ukurasa akautia alama yake ya ndoano. Mara tatu kwa wiki, jioni, alicheza tenisi ya meza kwenye ukumbi ulio nyuma ya kiwanda. Meza ilikuwa na ufa. Wavu ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Hata alipostaafu, ratiba haikubadilika.

Mpinzani wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kiwandani hapohapo, na kwa sababu ya harufu yake wote walimwita Gundi. Mashemeji hawa walitaniana bila huruma.

"Shemeji, leo nakufunga mpaka uombe maji," Gundi alikuwa akisema.

"Wewe umezoea kufunga majalada. Watu huwawezi."

"Na wewe unasoma kama anayechambua mchele! Kitabu kimoja mwezi mzima! Wahusika watazeeka humo ndani."

Gundi alikuwa na tabia moja zaidi. Aliiba pointi. Kila siku aliiba, na kila siku Bi Nukta alimkamata.

Sasa sikilizeni. Miaka minne iliyopita, baada ya mchezo, Bi Nukta alikwenda kunawa uso. Aliacha kitabu chake kwenye benchi, na penseli juu yake. Asubuhi iliyofuata, nyumbani, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akakifungua. Ukurasa aliotaka kuanzia ulikuwa na alama. Ndoano ndogo, kona ya chini. Akafungua wa pili. Alama. Wa tatu. Alama. Akahesabu kurasa kumi na moja. Zote zilikuwa na alama, naye hakukumbuka hata sentensi moja.

Narudia, kwa kuwa hapa ndipo maisha yake yalipopinda. Kurasa kumi na moja zilikuwa na alama. Hakukumbuka kuzisoma.

Mtu mwingine angesema, "Nani amechezea kitabu changu?" Yeye hakusema hivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundishwa kwamba ukurasa wenye alama umesomwa, na kwamba kati ya alama na kichwa, mwongo ni kichwa. Macho yaliyoona nukta iliyopotea hayakuuona mkono wa mtu mwingine. Hofu ilikuwa imeyatangulia.

Siku hiyo alianza kuandika daftari. Binti yake ametuazima. Mstari wa kwanza unasema: "Imefika." Hakuna neno jingine siku hiyo. Siku ya tatu: "Nimekunywa chai saa moja. Nimeandika ili nijue." Siku ya tisa: "Leo nilisimama nyuma ya mlango wa chumba changu. Mkono ulikuwa umeinuka. Sijui kama nilitaka kufungua au kubisha."

Akaacha kusoma, kwa sababu kila ukurasa sasa ulikuwa shahidi dhidi yake. Mchezo nao akauacha, asije akapotewa na hesabu mbele za watu. Na lililomuumiza kuliko yote, akamkataa mjukuu wake. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na kila Jumamosi alishinda kwa bibi. Bi Nukta aliogopa kumshika mkono barabarani na kusahau kwamba ameushika.

"Usimlete tena," alimwambia binti yake.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Usimlete."

"Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima," binti ametuambia. "Nilidhani mama ameacha kutupenda. Kumbe alikuwa anatulinda dhidi yake mwenyewe."

Ikapita miezi minne. Viatu vya mchezo vilikauka kwenye ubaraza. Mwishowe binti alimwendea Gundi, akamsihi akamtazame mama. Gundi akaenda mchana wa Jumapili, mfukoni ana kimpira, mkononi ana raketi mbili.

"Shemeji, meza yetu imeota vumbi," alisema mlangoni. "Kama umenikimbia, sema."

"Siwezi kwenda huko, Gundi."

"Basi huko kumekuja hapa."

Akaondoa vikombe kwenye meza ya kulia chakula. Hakuwa na wavu. Akatoa vitabu vya Bi Nukta rafuni, akavisimamisha kimoja kimoja katikati ya meza, mgongo kwa mgongo, kutoka ukingo hadi ukingo. Vitabu ndivyo vilivyokuwa wavu. Binti, aliyefuatana naye, alisimama karibu na mlango wa jiko, pumzi ameibana.

Wakacheza. Bi Nukta alikosa mipira ya kwanza, kisha mkono ukakumbuka. Gundi, kama kawaida yake, akaiba.

"Tisa kwa saba, naongoza!" alitangaza.

Binti anasema hajawahi kuogopa kama dakika ile. Mama yake alisimama, raketi imening'inia, midomo inacheza bila sauti.

"Nane kwa nane," Bi Nukta akasema polepole. "Ya pili ulitoa nje. Ya tano iligonga kitabu chekundu. Ile unayojihesabia sasa ni yangu, maana iligusa ukingo wa upande wako, na wewe ukajifanya unakohoa."

"Jamani!" Gundi akapiga kofi pajani. "Shemeji, kichwa hicho kitaniua!"

Akaupiga mpira kwa furaha, vibaya. Ukagonga wavu wa vitabu, kitabu kimoja kikaanguka sakafuni. Gundi akainama kukiokota. Kilikuwa kilekile kilichoachwa siku ile kwenye benchi. Karatasi ya kuashiria ilikuwa palepale.

"Ha! Bado uko hapa? Mimi nikakusogeza kurasa kumi na moja ili umalize kabla hatujazeeka, na bado hujavuka?"

Bi Nukta akaweka raketi mezani.

"Rudia ulichosema."

"Zile alama, shemeji. Nilizitia siku ile ulipokwenda kunawa. Karatasi zako zimepita kwenye meza yangu miaka yote, ndoano yako naijua kuliko sahihi yangu. Nilisubiri kesho yake uje unifokee. Hukuja. Nikajua umekasirika, nikaona haya kuuliza." Akamtazama usoni, na utani wote ukamwisha. "Shemeji? Nimefanya nini?"

Binti anakumbuka kila tendo. Mama yake aliketi. Akachukua kifutio kwenye sanduku la kushonea. Akakifungua kitabu, akafuta alama ya kwanza. Akafuta ya pili. Aliendelea mpaka ya kumi na moja, akapuliza mavumbi ya kifutio. Kisha akasimama na kuokota raketi.

"Nane kwa nane," alisema. "Anza wewe. Na ukiiba tena, nakutoa nje kwa masikio."

Jumamosi iliyofuata mjukuu alirudi kwa bibi.

Je, hofu iliisha? Nilimuuliza binti yake swali hilo, akatikisa kichwa. "Haikuisha. Siku nyingine nilimkuta akiutazama ule mlango. Lakini alikuwa na kitabu mkononi na saa ya mchezo ikimsubiri. Hofu ilibaki na nafasi ndogo ya kukaa." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi nami nina miaka arobaini na mitatu. Naogopa. Nimejiandikisha pale ukumbini."

Tangu Jumapili ile Bi Nukta alisoma na kucheza, mpaka Alhamisi ile. Alikutwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kiatu kimoja cha mchezo kilikuwa kimefungwa kamba, cha pili bado. Kitabu kilikuwa mapajani. Alama ya mwisho iko ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Kwa binti yake, kwa mjukuu wake, kwa shemeji yake na kwa wastaafu wote wa kiwanda kile, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu ampumzishe pema na awape subira. Nasi tuliobaki tutafakari. Ni ukurasa upi umekaa miezi bila kufunguliwa? Ni viatu vipi vinakaukia ubarazani? Na yule mtu wetu aliyenyamaza ghafla, tumeshamuuliza kwa nini, au nasi tunaona haya?

Gundi alikiomba kitabu hicho kilichokutwa mapajani, akapewa. Anakisoma kwenye benchi ya ukumbi, kwa sauti, kama walivyosoma kiwandani: mkato, nukta, aya mpya. Jana alikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na tisa. Kila anaoumaliza anautia alama, lakini si ndoano. Anachora mstari mnyoofu, mrefu, ambao hakuna awezaye kudhani ni wa mtu mwingine.

"Nisije nikamtisha mtu tena," alituambia, akainama kusoma, nukta.