Shangazi Aliyetupangia Muda wa Kupumua

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, kengele ya mwisho ikilia saa tisa na nusu alasiri, mwalimu wetu wa hisabati na mpanga ratiba wa shule atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku kumi na mbili ya utumishi katika shule hii hii moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika tu kwamba ni zaidi ya miaka thelathini, akanirudishia karatasi na kuniuliza zaidi kwa kiasi gani.

Mimi mwandishi ni mwalimu wa jiografia. Tumekaa meza jirani kwa miaka kumi na sita, ndiyo maana kamati ya sherehe imenitwisha mzigo huu. Nilimwomba ruhusa ya kuandika yote, hata ya mwaka wa janga. Alikubali kwa sharti moja: nisimpambe. Nitajitahidi, ingawa mdomo wangu mnaujua.

Hapa shuleni hakuna anayemwita kwa jina. Ni Shangazi. Mwaka wake wa kwanza kazini, binti wa kaka yake alikuwa kidato cha kwanza, na katika kipindi cha kwanza kabisa alinyoosha mkono akasema shangazi, sijaelewa. Darasa likaangua kicheko. Kesho yake darasa zima halikuwa limeelewa, na wote walikuwa wapwa zake. Leo anaitwa hivyo na walimu, mlinzi, mpishi na wazazi wenye mvi kumzidi. Mkuu wa shule naye humwita hivyo hivyo, tena kwa adabu, maana alifundishwa naye, na Shangazi bado anakumbuka alama alizopata kwenye namba hasi. Hazisemi hadharani. Humtazama tu, na mkuu wetu hubadilisha mada.

Alikuja akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Mwaka aliopokea somo la hisabati, waliofaulu kidato cha nne walikuwa tisa kati ya themanini na wawili. Mwaka jana walikuwa sitini na saba kati ya tisini. Hakuna uchawi uliotumika. Alifundisha, akasahihisha, akarudia, na aliyekimbia kipindi alifuatwa mpaka uwanjani.

Kazi yake ya pili, ya miaka ishirini na miwili, ni ratiba. Ukutani katika ofisi ya walimu kuna ubao mpana wenye vipande vya karatasi ya manila, kila mwalimu na rangi yake, vimebanwa kwa pini. Ilipoletwa kompyuta ya kupanga ratiba, muhula wa kwanza ilimpeleka mwalimu wa michezo maabara na mwalimu wa kemia uwanjani. Shangazi alitoa mkasi wake kwenye droo, akaanza kukata.

Asije akadhani nampamba, niseme na kosa lake. Mwaka mmoja feni ilipeperusha vipande vichache, vikasombwa na ufagio, na kidato cha pili wakakaa wiki mbili nzima bila somo la Kiswahili. Wanafunzi, kwa kweli, hawakulalamika. Mwalimu wa Kiswahili mwenyewe alikuwa anajua, akanyamaza kimya kama hayupo. Alipobanwa aeleze, alisema wazi kwamba katika wiki hizo mbili ndipo alipokula chakula cha mchana akiwa amekaa. Sote tulivunjika mbavu. Shangazi peke yake hakucheka. Alienda kwenye ubao, akahesabu vipindi vya yule bwana, akarudi kwenye kiti chake.

Sasa mwaka wa janga. Shule ilifungwa miezi kadhaa, na ilipofunguliwa ilikuwa shule nyingine. Kila darasa liligawanywa mara mbili ili watoto wakae mbalimbali, maana yake kila somo lilifundishwa mara mbili, tena kupitia barakoa, kwa sauti ya kukwaruza. Mlinzi alipima joto la watoto mia nne kila asubuhi na kutukanwa na wazazi waliochelewa. Mhudumu wa usafi alijaza ndoo za maji mpaka viganja vikachubuka. Mwalimu wa biolojia alimzika mama yake Jumamosi, Jumatano akawa darasani anafundisha mapafu. Ofisi ya walimu ilikuwa na viti vilivyoachana kama vya chumba cha mtihani, na kila mtu akanywa chai yake akiutazama ukuta.

Tulijikaza kisabuni, kama wanavyosema wanafunzi. Lakini maji yalikuwa shingoni. Mwezi wa kwanza wawili waliacha kazi. Wangeondoka wengine wawili, madarasa ya juu yangefungwa na watoto wangerudi nyumbani mwaka wa mtihani. Na wa tatu kwenye foleni ya kuondoka, jamani, nilikuwa mimi.

Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mwaka ule nilisumbuliwa na tumbo. Uongo. Nilikuwa nafika mlangoni mwa darasa, pumzi inakata, naona siwezi kuingia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nasimama koridoni najifanya natafuta chaki mfukoni. Siku moja Shangazi alinikuta hapo. Hakuniuliza tumbo linaendeleaje. Aliingia yeye, akafundisha mito na maziwa kwa dakika arobaini, na makosa mawili ambayo nimemsamehe. Nilipomwambia naandika barua ya kuacha kazi, hakunibembeleza. Alisema ratiba haiwezi kuguswa kabla ya Ijumaa, kwa hiyo nisubiri Ijumaa.

Ijumaa tulikuta vipande vipya ubaoni, vya kijivu. Kila mtumishi alikuwa na kimoja kwa wiki, si walimu tu: mpishi, mlinzi, mhudumu, karani, mkuu wa shule. Vilikuwa vimeandikwa Uratibu. Tukauliza hilo ni somo gani. Akatupeleka stoo ya vifaa vya michezo. Mipira ilikuwa imesogezwa pembeni, dirisha liko wazi, na viti viwili vimetazamana kwa umbali uliotakiwa. Kila kipindi watu wawili. Ukifika ni ruhusa kuongea, kulia au kulala. Ni marufuku kusahihisha madaftari. Mwenzako kazi yake ni kusikiliza tu, bila ushauri, na asithubutu kukuambia kuwa kuna wenye shida kubwa zaidi. Ya stoo yanabaki stoo.

Watu aliwapanga kwa makusudi. Mlinzi aliwekwa na mwalimu wa nidhamu, nao walikuwa hawasalimiani tangu walipogombana getini. Mkuu wa shule aliwekwa na mpishi. Mimi niliwekwa na mwalimu wa biolojia, na wiki ya kwanza tulikaa dakika arobaini tukitazama wavu wa mpira. Wiki ya pili aliongea habari za mama yake. Wiki ya tatu niliongea mimi, na kwa mara ya kwanza niliyataja mambo ya mlangoni kwa sauti. Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Ile barua sikuimaliza, na sikumbuki hata ni lini niliacha kuiandika.

Tulimuuliza Shangazi ni nani anayefundisha vipindi tunavyoviacha. Alijibu kwamba amekwisha kupanga, tusimwingilie kazi. Nasi, kwa uchovu na kwa ubinafsi, hatukuuliza mara ya pili.

Wiki ya sita nilikuta nimepangwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Lo! Kosa la pili katika historia! Nikaenda ofisini mbio, utani umenijaa mdomoni, tayari kumtesa siku nzima. Nilimkuta amesimama mbele ya ubao na pini mkononi. Alinitazama akasema nifundishe yote mawili, nifungue tu mlango wa katikati. Kisha akakaa sakafuni, palepale, na gauni lake safi. Utani wote ukaniishia. Nikatazama safu yake kwenye ubao, safu ambayo hakuna mtu alikuwa na sababu ya kuisoma, nikahesabu. Vipindi thelathini na vitano kati ya arobaini. Kumi na kimoja vilikuwa vyetu. Vilivyobaki wazi vilikuwa vitano, kimoja kila siku saa nne, na kipande cha kijivu hakikuwepo hata kimoja.

Ile saa nne sote tulikuwa tukimwona nyuma ya tangi la maji, simu sikioni. Tulidhani anatafuta wazazi wa watoro. Alikuwa anampigia muuguzi. Mume wake, fundi saa, alikuwa amelazwa siku ya kumi na moja, na wageni hawakuruhusiwa wodini. Hakuwa amemwambia yeyote kati yetu. Aliogopa, aliniambia pale pale sakafuni, kwamba akifungua mdomo hatafunga tena, na watoto walikuwa wanasubiri.

Kwa nini niseme uongo, niliona aibu. Wote ishirini na sita tulikuwa tumepumua kwa mapafu ya mtu mmoja.

Mchana ule tulifanya mkutano wa siri uwanjani ili kumpunguzia vipindi bila yeye kujua. Siri yenyewe ilikuwa ya watu walioachana mita mbili, wamevaa barakoa, wanapigiana kelele. Shangazi alisikia kila kitu dirishani. Karani aliandika majina, mkuu wa shule akachukua vipindi vitatu vya hisabati, tena vya namba hasi, na mpishi akaomba asimamie masomo ya maktaba wakati masufuria yakichemka. Kesho yake asubuhi Shangazi aliuangalia ubao tuliouharibu, akarekebisha makosa manne, na wala hakutugombeza. Akatembea taratibu mpaka stoo, ambako mpishi alikuwa anamsubiri. Walikaa humo vipindi viwili. Sote tuliona na hakuna aliyegonga.

Fundi saa alifariki siku tisa baadaye, Jumapili asubuhi. Alikuwa mtu mchangamfu, na alipenda kusema kwamba nyumba yao ina mpanga ratiba na mtengeneza saa, na bado walichelewa kwenye harusi yao wenyewe. Waliruhusiwa kumzika watu wachache tu, kwa hiyo hatukwenda. Shangazi aliporudi kazini alikuta ana kipande cha kijivu kila siku kwa mwezi mzima, na kila siku kulikuwa na mmoja wetu kwenye kile kiti cha pili. Siku nyingine alilia mpaka kengele ikalia. Yaliyobaki ni ya stoo.

Baada ya ule mwezi wa kwanza, hakuna mtumishi mwingine aliyeacha kazi mwaka ule. Madarasa ya juu hayakufungwa. Mkaguzi alipokuja kuuliza Uratibu una mtaala gani, mkuu wa shule alimpeleka stoo, akamkalisha na mlinzi, na alipotoka aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba mazingira ya shule ni mazuri. Janga limepita, viti vimesogezwa karibu, na kipindi hicho bado kiko kwenye ratiba. Mpanga ratiba anayempokea Shangazi ni mwalimu wa biolojia. Ameambiwa aanze kupanga safu yake mwenyewe.

Jumanne iliyopita ilikuwa zamu yangu kukaa na Shangazi, kwa mara ya mwisho. Nilidhani tutacheka, maana tumezoea. Akaniambia anaiogopa Jumatatu. Uzee hauogopi, ugonjwa hauogopi, anaogopa kuamka Jumatatu kwenye nyumba isiyo na mtu na kusiwe na darasa lolote linalomsubiri. Sheria ni kusikiliza bila ushauri. Nilisikiliza, ingawa nusura nipasuke. Tulipotoka nilimwomba ruhusa ya kuitoa habari hiyo nje ya stoo. Alifikiri kidogo, akakubali.

Kwa hiyo tumepanga. Tunaobaki ni watumishi ishirini na sita, Jumatatu za mwaka ni hamsini na mbili, kila mmoja atakwenda mara mbili. Anayekwenda haendi kutoa ushauri wala kumwambia kuna wastaafu wapweke zaidi. Anakwenda kukaa naye.

Shangazi, asante kwa watoto uliowatoa gizani. Asante kwa miaka ishirini na miwili ya kutupeleka kila mmoja mahali pake kwa wakati wake. Mimi nakushukuru kwa ule mlango ulioingia badala yangu, kwa sababu bila hivyo nisingekuwa mwalimu leo. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku ndefu zenye utulivu.

Ratiba ya Jumatatu tumeibandika jana. Umekwisha kuiona, na umekwisha kutuambia kwamba Jumatatu ya tatu tumekosea, kwamba mimi na mpishi tumepangwa siku moja, saa moja. Tumekubaliana tusirekebishe. Tunakuja wote wawili.