Makiwa kwa Dereva wa Kifaru

Ngo. Ngo. Ngo.

Mheshimiwa Liwali wetu, Daktari Thabit mkuu wa hospitali, baba na mama zangu mliotoka Birkat al Mauz na hata Sinaw kuja kumuaga mkunga wenu, ndugu wauguzi, na wewe Mama Doroti uliyekaa hapo mbele ukijifanya hulii: assalamu alaykum. Niwieni radhi kwa kuigonga meza kabla ya kukusalimuni. Sauti hiyo niliisikia mwaka jana Uingereza, kwa kidole cha mzee mmoja juu ya meza ya jikoni kwake, na mpaka leo haijanitoka.

Mimi ni Kaltham binti Khelef. Wadogo zangu wote wamepokewa duniani na mikono ya Mama Doroti. Nani hapa Nizwa hajasimuliwa namna anavyowaambia wanaojifungua, kwa Kiarabu chake cha kuchekesha, "Sukuma kwanza, utanitukana baadaye"? Lakini ni nani kati yetu aliyejua kwamba mwanamke huyu, aliyetoka kwao Uingereza akaja kukesha na kila mwenye uchungu ili asiwe peke yake, alikuwa na ndugu ambaye hakujua kama alikufa peke yake?

Kaka yake Edwin alikuwa mpiga mzinga katika rejimenti ya vifaru vya vita. Alipotea Ufaransa mwaka 1944, na wazazi wao hawakuonyeshwa kaburi. Tangu usichana wake Mama Doroti amekuwa akimwona kakaye amefungika ndani ya chuma kinachowaka, anaita, na hakuna anayemwitikia. Nilipokwenda Uingereza kusoma historia, aliniomba jambo hilo moja tu: nijue kama palikuwa na mtu karibu naye.

Nilisoma kila kilichohifadhiwa juu ya rejimenti ile, vijiji ilivyopita na watu iliowazika. Nilikwenda Ufaransa, nikazunguka kijiji ambako kifaru cha Edwin kiliungua, na sikupata kitu. Mwisho nikaelekezwa kwa dereva mmoja wa rejimenti ile aliyesalia, Bwana Tully. Nilimuuliza aina ya kifaru, saa, barabara. Akanijibu kwa upole kwamba wamekuja wengi kabla yangu kuuliza hayo hayo, akasimama kunifungulia mlango.

Njiani nikawaza: hivi kwetu mtu huingia nyumba yenye msiba na maswali mkononi? Tunakaa kwanza. Tunatoa mkono wa pole. Mwenye msiba akitaka kusema, atasema. Na dereva yule, ambaye wenzake wa ndani ya kifaru kimoja walikuwa kama ndugu zake wa kula sahani moja, ni nani aliyewahi kumpa makiwa? Pole zote zilikwenda kwa wazazi na dada. Yeye aliambiwa ana bahati kwa kuwa amepona.

Nikarudi na tende za kwetu na buli la kahawa. Nikamwambia, "Mzee wangu, leo sikuja kuuliza. Nimekuja kukupa pole kwa kufiwa na wenzako."

Alikipokea kikombe cha kahawa. "Miaka arobaini," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza."

Kisha akasema mwenyewe. Asubuhi ile mpiga mzinga wake aliamka na homa, na Edwin akaazimwa kutoka kifaru kingine. Ndiyo maana sote tulimtafuta kwenye kifaru ambacho siku ile hakuwamo. Kifaru kilipopigwa na moto ukashika, mzinga ulikuwa umesimama juu ya kifuniko cha tundu la kutokea dereva, kikawa hakiwezi kufunguka. Edwin angeweza kutoka juu. Badala yake aligonga chuma mara tatu, kama Bwana Tully alivyonigongea meza yake ya jikoni, kumwambia dereva asubiri, akauzungusha mzinga kwa mkono mpaka kifuniko kikawa huru. Wote wawili walitoka. Edwin alikuwa ameungua sana; alifariki chini ya mtofaa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Bwana Tully, ambaye alimzika hapo hapo kabla naye hajapelekwa hospitali. Baadaye kaburi lilihamishwa, likawekwa jiwe lisilo na jina. Leo, kwa ushahidi wake, jina lipo.

Nilipomweleza Mama Doroti, hakulia. Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akasema kwa Kiswahili alichofunzwa na wauguzi wake, "Basi alikuwa na mwenzake." Halafu akaniagiza nimpeleke kwa Bwana Tully, na kutoka hapo wataandamana mpaka kaburini.

Mama Doroti, tunakushukuru kwa watoto, na kwa kukaa na mama zao. Mimi nakushukuru kwa zaidi. Huko Ibra anakaa Bwana Hashil, aliyekuwa na mjomba wangu Nadhir siku yake ya mwisho Unguja, wakati wa mapinduzi. Yeye alirudi huku kwetu, mjomba hakurudi, na tangu hapo ukoo wetu umemkwepa. Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Sikuuliza lolote, nilimpa makiwa. Alinishika mkono akaniambia nirudi Alkhamisi pamoja na mama.

Kwa masikio na subira zenu, ahsanteni sana, na mniwie radhi nikiondoka kabla ya halwa. Leo ndiyo Alkhamisi, na mama ameshakaa garini na buli lake la kahawa.