Friza ya Bishar na Mshale wa Kibla

Sisi wa benchi la Khadra, muuza chai, hapa Habaswein kazi hatuna, ila shughuli tunazo. Benchi lenyewe ni ubao wa lori uliolazwa juu ya madebe mawili, mbele ya duka langu la vipuri. Vipuri siuzi sana, maana mteja akija anakaa, akikaa anaagiza chai, na akinywa chai anasahau alichokuja kununua. Asubuhi hiyo Bishar alivuka barabara kutoka nyumba yake mpya akiwa na uso wa mtu wa matangani. Mkewe Ruweyda amemchukua mtoto, yuko kwa mama yake Eldas, na kwa maelezo ya Bishar, harudi kwenye nyumba ile. Ukiweka simu chini penye mswala, mshale wa kibla unageuka na kuelekea soko la ngamia.

— Si kila wakati, — Bishar alisema. — Saa hii uko sawa, ukingoja kidogo umegeuka. Walahi nimeona kwa macho yangu.

— Na msikiti si uko hapo? — nikamuuliza. — Fuata mnara, swali, lala.

— Kibla tunaijua! Nyumba ndiyo haiijui. Nifanye nini, jamani? Mtoto juzi tu ameanza kuniita aabo. Sasa anamwita nani huko Eldas?

Kuitwa baba si mzaha, hata mimi niliacha utani. Lakini dalali wetu wa mbuzi, Diriye, hakunyamaza. Tunamwita Redio kwa sababu hajapatikana mtu wa kumzima.

— Chini ya nyumba yako iko chuma, — alisema Redio. — Wale watu wa kutafuta mafuta walipita hapa zamani, wakaona, wakafunika, wakaondoka. Wewe unalala juu ya mali, Bishar.

— Chuma gani inakuja na kurudi? — nikauliza.

— Inatembea. Mbona maji inatembea chini?

— Wacha hiyo, — akadakia Kadar. Huyu tunamwita Mheshimiwa. Aligombea udiwani akashindwa, lakini hotuba zilibaki. — Hii ni siasa. Upande ule wa barabara wote walinipigia mimi kura. Sasa wamewekewa mtambo wa kuwachanganya. Leo kibla, kesho watashindwa kuona jina langu kwenye karatasi!

— Mheshimiwa, wewe jina lako tuliliona, — alisema Khadra akimimina chai. — Ndiyo sababu ukashindwa.

Tulicheka. Bishar hakucheka, alikuwa anaigeuza simu mkononi. Basi sote tukamgeukia Hanad, ambaye tunamwita Injinia. Yeye ndiye aliyefunga solar nzima ya Bishar, paneli, betri na ile friza kubwa ya maziwa.

— Injinia, unasemaje?

— Waya zangu ni safi, — alisema haraka, kabla hajaulizwa habari ya waya. — Hiyo nyumba iko na wenyewe. Jini anapenda baridi. Jua hili la kwetu, yeye ataenda wapi? Ameona friza, ameingia. Akipumua, mshale unageuka.

— Subhanallah! Ndani ya maziwa? — Bishar akauliza.

— Ndani ya maziwa.

Redio naye hakukubali kupitwa. Akasema basi hata mji umeinama. Tangu barabara iwekwe lami, Habaswein yote imelalia upande mmoja, na yeye mwenyewe siku hizi akitembea anavutwa kushoto. Mheshimiwa akataka iundwe tume. Bishar, maskini, alikuwa anasikiliza yote, na kila neno anatikisa kichwa kama mgonjwa anayepewa dawa.

Ndipo gari la Eldas likasimama, akashuka Faiza, mdogo wake Ruweyda, na begi tupu mkononi.

— Assalamu aleikum. Shemeji, nimetumwa nguo za mtoto. Zote.

Lile neno la mwisho lilimwinua Bishar kwenye ubao. Akaanza kumweleza habari ya chuma, mtambo na jini, akitaja na waliosema. Faiza alimsikiliza mpaka mwisho.

— Na mkiizima friza, mshale unaelekea wapi?

Nakuambia ukweli. Asubuhi nzima tunajadili nyumba iliyo ng'ambo ya barabara, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua makalio kwenda kuzima kitu.

Tukavuka. Bishar akaweka simu chini kwenye mswala, karibu na ukuta ambako waya nyekundu ya kwenda kwenye friza ilipita. Friza inanguruma, mshale uko soko la ngamia. Akazima. Mshale ukarudi taratibu mpaka kwenye mnara wa msikiti. Akawasha, ukaenda tena kwa ngamia.

— Waya moja iko hapa, — nikamwambia Injinia. — Ya kurudi kwenye betri iko wapi?

— Ukuta ule mwingine, kule jikoni. Niliwatenganisha makusudi! Hata arusini si wanaume wanakaa huku, wanawake kule? Wakiwa pamoja si watashikana, nyumba iungue?

Nilikwenda dukani nikaleta waya, tukaitandika ile ya kurudi ubavuni mwa nyekundu, tukaifungua ya jikoni. Friza ikawashwa. Mshale ulitulia. Waya mbili zikilala pamoja, moja ikipeleka umeme na nyingine ikiurudisha, kila moja inaizima sumaku ya mwenzake, ile iliyokuwa inauvuta mshale. Haya alitueleza Injinia mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeyajua tangu utotoni.

Bishar alikuwa anaruka.

— Faiza, mpigie dada yako! Mwambie hakuna jini! Mwambie nyumba imenyooka, arudi leo!

Faiza alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, anakunja nguo.

— Ruweyda hajataja jini hata siku moja, shemeji. Alikuambia friza ikinguruma ndipo mshale unageuka. Akakuomba uizime muone. Mimi hapa nimerudia maneno yake tu, na mkanisikiliza. Yeye hukumsikiliza, na jibu ulilompa ndilo lililompeleka Eldas. Ulimjibu nini?

Bishar alinitazama mimi. Nikamtazama Redio, Redio akatazama dari. Injinia alikuwa ameshatoka nje.

— Shemeji, ulimjibu nini?

Bishar aliinama kuokota simu kwenye mswala. Faiza akachukua shati jingine la mtoto, akalikunja, akalitia kwenye begi.