Mkwaruzo wa Upande wa Kulia

Kijiwe chetu kipo Mkata, hatua chache kutoka barabara kuu, pale yanaposimama mabasi ya Korogwe. Kuna benchi moja refu, birika la Mzee Muhsin muuza kahawa, na pembeni sanduku la spana la Dunstan, fundi baiskeli, tunayemwita Daktari. Mimi ni Sufiani. Hapa wananiita Spika, kwa sababu ndimi mwadhini wa msikiti wetu, na umeme ukikatika sauti yangu peke yake inafika stendi. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo ya Alhamisi ile nitayaandika kama yalivyosemwa, na Mungu anisamehe kwa yale niliyoyanyamazia. Kibwana alifika akikokota baiskeli yake ya gia, mtumba wa miaka mingi, mkono wake wa kushoto umechubuka mpaka kiwiko. Hakutoa salamu. Aliisimamisha mbele ya Dunstan kama mtu aliyeleta kidhibiti polisi.

— Daktari, beba sanduku lako uondoke hapa. Rudi kwenu Korogwe!

— Kuna nini, Kibwana? Hata salamu hakuna?

— Salamu kampe mama yangu, yuko zahanati, goti limevimba kama boga! Nimempakia kwenye keria, tunapanda kilima, nikaweka gia nyepesi. Ikalia kra, kra, kra, gurudumu la nyuma likakaba. Tukaenda chini, mimi na mama yangu!

— Nilikurekebishia Jumanne, ukaijaribu hapa hapa. Gia zote saba za nyuma ziliingia. Ulicheka mwenyewe.

— Nilicheka kwa kuwa sikujua nimeibiwa!

Neno hilo lilimwamsha Athuman. Jina lake la kijiweni ni Taarifa, maana hakuna habari asiyokuwa nayo, hasa ile ambayo haijatokea.

— Nilisema mimi! Mafundi wanachomoa vifaa vizima wanakuwekea vibovu. Haba na haba hujaza kibaba. Leo nati, kesho cheni, mwaka ukiisha Daktari ana baiskeli nzima na wewe umebaki na kengele.

— Taja nati moja niliyochomoa, Taarifa. Moja!

— Nitaitajaje na umeshaichomoa?

Semboja akakohoa. Huyo ndiye Profesa. Aliwahi kuwa mlinzi wa sekondari, na anasema elimu ilimwingia kupitia dirishani.

— Tusikilizane. Hili ni suala la hali ya hewa. Baiskeli hii ilizaliwa Ulaya kwenye baridi. Huku Handeni jua linaivuta cheni, inarefuka, inaruka meno. Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji gani kapona? Mama yangu amelala!

— Basi hilo linaingia kwenye ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ni mama yangu, Profesa, na guu ni lake! Rudia tena nikumwagie hiyo kahawa kichwani!

Mzee Muhsin akalisogeza birika mbali na mkono wa Kibwana. Athuman naye hakutaka kupitwa.

— Mnaleta mambo ya zamani. Siku hizi hawa wazungu wanazizima gia wakiwa hukohuko kwao. Kama simu. Ikizeeka wanaifunga ili ununue mpya.

— Baiskeli haina laini, Taarifa, Dunstan akamwambia.

— Na ule waya wa gia unakwenda wapi?

Dunstan alikuwa amechuchumaa, anataka kulitazama gurudumu la nyuma. Kibwana akampiga mkono ule wa spana.

— Usiiguse! Jana nilimwazima Spika aende maziko Kwaluguru. Mtu wa swala huyu, haongopi. Spika, waambie. Jana baiskeli ilikuwaje?

Wote wakanigeukia. Dunstan akanitazama kuliko wote.

— Ilitembea, nikasema.

— Mmesikia? Ilitembea! Leo imeniangusha. Ina maana kifaa chake kibovu kimechoka usiku!

Niliinamia kikombe changu. Dunstan akanyanyuka taratibu.

— Baba yangu kakata mkonge mpaka vidole havikunjiki. Aliniachia mikono hii tu, hakuniachia shamba. Nina miaka kumi na moja kwenye kona hii. Mnaniita mwizi mbele ya abiria?

— Mwizi, ndiyo! Na usipoondoka nitalipiga teke hilo sanduku mpaka barabarani!

Dunstan akaanza kuokota spana zake, moja moja, akizitupa sandukuni kwa kishindo. Hakuna aliyemzuia. Hata mimi.

Kwenye benchi, upande wa stendi, alikuwa amekaa mama mmoja anasubiri basi, jogoo wake kwenye kikapu. Alimwamkia Mzee Muhsin shikamoo, akajitaja kuwa ni Bernadina wa Mpale, kisha akainama nyuma ya baiskeli bila kuomba ruhusa.

— Baba, wewe leo uliangukia upande gani?

— Huoni mkono wangu? Kushoto! Na goti la mama ni la kushoto.

— Kweli, usukani wa kushoto una mchubuko mpya. Lakini hiki kidude cha nyuma kinachosukuma cheni kipo kulia, na kimepinda kwa ndani. Ukiweka gia nyepesi lazima kiingie kwenye spoku. Sasa huu mkwaruzo wa kulia, uliokaukiwa na udongo, ni wa nani?

Athuman hakuwa na taarifa. Kibwana alimtazama Dunstan, na Dunstan akatikisa kichwa.

Ulikuwa wangu. Nilifika Kwaluguru jeneza linatoka. Watu walikuwa wengi, na mimi nilitaka niwahi bega la mbele, pale ambapo kila mtu angeniona. Nasema thawabu, lakini Mungu anajua nilitaka kuonekana. Sikuiegemeza baiskeli. Niliitupa juu ya mawe, upande wa kulia, nikakimbia. Kurudi, gia zililia, nikaiacha kwenye gia moja ngumu mpaka nyumbani kwa Kibwana. Nikafuta vumbi, nikamwambia ahsante.

— Ni wangu, nikasema, na kwa mara ya kwanza kijiwe kiliniambia nirudie, hawakunisikia. — Ni wangu. Niliitupa Kwaluguru.

Kibwana alinishika kola ya kanzu. Sikujitetea.

— Ulijua? Nilipopita nayo leo alfajiri, uko mlangoni pa msikiti, ukaniona nimempakia mama, ulijua?

— Nilijua gia zinalia. Sikujua itakaba.

Akaniachia kama mtu anayetupa kitu kichafu. Nikamgeukia Dunstan, nikamwambia anisamehe. Alikuwa ameshika spana ya mwisho.

— Spika, sauti yako inatuamsha Mkata nzima, nyinyi Waislamu na sisi Wakristo. Sasa hivi nilipokuwa naitwa mwizi, ilikuwa wapi?

Mzee Muhsin, ambaye sijawahi kumwona akimnyima mtu kahawa, akakichukua kikombe mkononi mwangu, bado kimejaa, akakimwaga chini.