Mzee Righa na Vichaka vya Chemchemi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mzee Righa Mwanjala anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuutunza msitu wetu huu wa juu ya Wundanyi. Jamani, nani tena atatumalizia chapati za chai ya saa nne?

Aliajiriwa kufyeka njia, na kufyeka alikujua! Siku moja, tukingoja wageni wakubwa, alisafisha vichaka vyote vya chemchemini mpaka pakawa kama kiwanja cha mpira. Akasimama, mikono kiunoni, akingoja sifa. Kumbe humo ndimo alimoishi kolokolo wa Taita, ndege mdogo wa kijivu anayeokota viwavi na buibui chini kwa chini, na ambaye hana kwao kwingine duniani ila milima yetu hii. Jozi iliyokuwa pale ikatoweka.

Bi. Mkawasi, msimamizi wetu, alimfokea, “Righa, hapa si uwanja wa kanisa! Umewavunjia wenyewe nyumba!” Hawakusemeshana hadi mvua za vuli. Mwishowe walikutana palepale chemchemini, wakafanya kutasa kama wazazi wetu walivyotufundisha: kila mmoja akatema maji ya miwa na kuitoa hasira yake kwa sauti. Yakaisha.

Tangu hapo fyekeo lake halikugusa tena mahali pale. Alipanda miche ya asili, akaacha mitambaazi ijiendee, akafukuza mbuzi wote, hata wa shemeji yake. Mkewe, Mama Wakesho, hakuacha kumtania, “Kazini unalipwa uache magugu, basi nyumbani nifyekee bure!” Alicheka, lakini kila asubuhi alipita pale kusikiliza, akarudi bila kusikia hata mlio mmoja. Alitaka awasikie tena kolokolo wake kabla hajastaafu, basi. Sisi wengine tulishakata tamaa.

Jumatatu tulikwenda chemchemini kusimamisha hema la sherehe hii. Ghafla Mzee akanong'ona kwa ukali, “Shusheni nguzo! Polepole, nyie!” Kolokolo alikuwa akiingia kichakani na utando wa buibui mdomoni, anajenga. Mzee wetu alilia waziwazi, nasi tukalia naye.

Kwa hiyo, wageni wapendwa, mtuwie radhi: tumekaa barabarani bila hema, bila ngoma wala spika, na kimanga mtakila mmesimama. Ndivyo alivyoamuru mwenye sherehe. Mzee Righa, asante, asante sana. Ukapumzike kwa raha na afya njema. Makofi yako tutayapiga tukishafika Wundanyi.