Sahani Zilizovaa Nailoni

Mungu ametuamsha tena na kutukusanya katika ukumbi huu, nami namshukuru. Wengi wenu mnanijua kwa sura lakini hamjawahi kusikia sauti yangu. Katika chama hiki chetu cha wapika chakula mimi hukaa pale karibu na dirisha, nikisikiliza. Mwenyekiti aliponiomba nitoe ushuhuda, nilimwambia niandike kwanza, halafu nisome. Nimeandika polepole, kati ya sufuria moja na nyingine. Nikisoma vibaya mnivumilie. Shule yangu iliishia darasa la nane.

Kibanda changu mnakijua. Kiko hapa mtaani Rhonda, mkabala na mafundi wa kuchomelea vyuma. Mama ndiye aliyekianzisha. Alikuwa akiuza chapati na maharagwe, chapo dondo, na watu walimsifu kwa supu. Mama alikuwa akisema mteja hajashiba mpaka sahani iwe na supu ya kuchovya. Kwetu magharibi ni hivyo. Mgeni akikosa mchuzi anaona amenyimwa.

Maji tulikuwa tukinunua kwa mitungi, yanaletwa na mkokoteni, kwa hivyo hatukuosha sahani. Msicheke, hata nyinyi mmefanya. Unachukua sahani ya plastiki, unaivalisha nailoni nyeupe, unapakua juu yake. Mteja akimaliza unavua nailoni, unatupa, unavalisha nyingine. Sahani inabaki safi mchana kutwa bila tone la maji.

Saa sita upepo ulikuwa ukiamka kutoka upande wa ziwa na kuleta lile vumbi letu jeupe. Nailoni ziliinuka nalo, moja moja, juu ya mabati, juu ya nyaya za stima. Nilipokuwa mdogo niliketi chini ya meza ya mama nikiziangalia. Niliamini ni heroe, wale ndege wa ziwani, waliopoteza rangi yao ya waridi, na wakifika ziwani wataipata tena. Nilizipungia mkono.

Halafu nyanya yangu aliugua huko nyumbani na mama akaenda kumtunza. Kibanda kikabaki mikononi mwangu. Ndugu zangu, nawaambia, kupika nilijua, lakini kuita wateja sikujua. Mama alikuwa akiwaita kwa majina, anawatania, anawaulizia watoto. Mimi nilipakua tu, macho chini. Mmoja mmoja walianza kupotea. Mwenye ploti akaja, akasimama mlangoni, akapima upana kwa hatua zake. Akaniambia kuna mtu anataka kuweka duka la simu hapo. Hakunifukuza. Alisema tu, "Fikiria, msichana. Mahali kama hapa panataka watu."

Niliogopa. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kimetulea. Kama kingekwenda, mama angerudia nini?

Wakati huo huo akaja mama mmoja kutoka Rongai. Ni mfanyabiashara wa mahindi, na tena hupanga safari za kwaya na vikundi vya kanisa kuja kuona mbuga ya ziwa. Alikuwa ameleta mlango wake wa chuma kwa mafundi, akala kwangu akingoja. Alimaliza akafuta midomo.

"Hii maharagwe umepika wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nina kwaya inakuja mbugani. Wanataka chakula cha kubeba, wakule wakiangalia ziwa. Lakini sikia vizuri. Pale getini hawataki sahani za plastiki za kutupa, wala nailoni. Utaweza?"

Nikaitikia tena.

"Una ulimi?"

"Nitaweza, mama."

Kikundi kimoja kikila vizuri, vingine vingefuata. Mwenye ploti angeona sufuria kubwa zikitoka na angeacha habari ya simu. Niliota hivyo, nikiwa macho wazi, nikikanda unga.

Nikaenda mjini nikatafuta sahani zinazooza. Nikapata duka lenye sahani zilizotengenezwa kwa makapi ya miwa, yale yanayobaki baada ya kukamua sukari. Mwuzaji alisema ukizifukia udongoni zinarudi kuwa udongo, kama majani. Sahani yenyewe ilikuwa nyepesi, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nilizibeba kifuani njia yote mpaka nyumbani, nikijiona nimebeba kitu kilichokuwa shamba na siku moja kitakuwa shamba tena.

Siku iliyofuata nilizijaribu kwa mafundi. Nikapakua maharagwe yanayochemka, na supu, kama mama. Fundi mmoja akakaa juu ya jiwe, akaweka sahani mapajani, akaanza kuongea habari za mpira. Aliongea sana. Sahani ikaanza kulegea pembeni.

"Siste," akaniita, "hii sahani inatoa jasho kuliko mimi."

"Boss, kula haraka," mwenzake akasema. "Inakuacha!"

Kabla hajainua mkono, katikati pakaachia. Dondo lote likamwangukia. Akaruka akipigapiga suruali, wenzake wakacheka mpaka mmoja akaweka chini nyundo. Na mimi nikaingia ndani nikasimama nyuma ya pazia.

Sasa sikilizeni nilichofanya, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka. Safari ya kwaya ilikuwa karibu. Sikumwuliza mtu. Nilikaa na zile sahani mbele yangu nikiwaza zisivuje, zisivuje. Na mikono yangu ikafanya ilichozoea kufanya tangu utoto. Ikachukua nailoni, ikavalisha sahani. Moja, na nyingine, na nyingine. Nawaambia kweli, sikuona ajabu yoyote. Niliona nimepata dawa. Ndani ya nailoni supu ilitulia kama maji ya kisima.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu. Mji wote ulikuwa mweupe na laini, na mimi nilifika pale getini na vikapu vyangu nikihisi kama natembea ndani ya usingizi mzuri. Kwaya ilikuwa imeshuka, wamevaa sare ya zambarau, wanajaribu sauti. Yule mama akafurahi kuniona. Askari wa getini akafunua kikapu.

"Mama," akamwambia yule wa Rongai, "hii ni nailoni."

Yeye akachukua sahani moja. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku.

"Dada yangu, umenunua sahani ya kuoza, halafu ukaivalisha koti la mvua?"

Mtu mmoja wa kwaya akacheka, halafu wote. Hata askari aligeuka pembeni mabega yakitikisika. Chakula hakikuingia. Walikula pale nje, kando ya barabara, wamesimama, wakiwa na haraka ya kuingia ndani. Yule mama hakunigombeza. Alilipa, akapanda gari bila kunitazama tena, na hiyo iliniuma kuliko matusi.

Nikafunga kibanda. Watu walipita wakiuliza, "Yule wa koti la mvua yuko?" maana habari ilikuwa imefika Rhonda kabla yangu. Nililala humo humo, nyuma ya pazia. Nikiamka nilikuwa nalala tena. Niliota ziwa limejaa sahani badala ya ndege, zinaelea kimya, na kila moja ina uso wa mtu ninayemjua, ananiangalia bila kusema. Mama akipiga simu namwambia biashara iko sawa. Mwenye ploti alituma ujumbe kwamba mwezi ukiisha, yule wa simu anaingia.

Aliyenifungulia mlango ni jirani yangu muuza mboga, tunayemwita mama mboga. Amezaliwa huko Bahati, kwenye shamba, na sauti yake inasikika mpaka stejini kwa matatu. Aligonga mchana mmoja.

"Msichana, fungua! Ama unataka nikule nimesimama kama farasi?"

Nikafungua. Alikuwa na bakuli la mukimo, ule wa viazi na mahindi, umepondwa na majani ya malenge mpaka ukawa wa kijani kabisa.

"Nipe sahani mbili za zile zako za maajabu."

"Zitavuja, mama."

"Ziko wapi?"

Akapakua. Mukimo ukasimama juu ya sahani kama kilima, mvuke ukipanda polepole. Tukakaa mlangoni. Alikula kidogo, akaongea sana. Alinieleza habari za nyumbani kwao Bahati, jinsi ukungu ulivyokuwa ukiingia mpaka jikoni asubuhi, jinsi mama yake alivyokuwa akiponda mukimo kwa mti mrefu huku akiimba, na watoto wanajua kwa wimbo kama chakula kimekaribia. Nilisikiliza nikasahau kula. Jua likahama kutoka miguuni mpaka ukutani. Ndipo nikakumbuka sahani iko mapajani pangu. Nikaingiza mkono chini yake.

Kavu.

Nikabonyeza. Ngumu, kama tulipoanza.

"Mama," nikasema, "haijalegea."

"Ilegee kwa nini? Mukimo unaenda wapi?"

Nikaanza kucheka na kulia pamoja. Siku zote nilikuwa nimeilaumu sahani. Nilibadilisha sahani, lakini sufuria niliiacha ile ile ya mama, na supu ile ile. Haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kumpa mgeni chakula bila mchuzi na mgeni asione amenyimwa. Yule mama mboga naye hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu hawawezi kula bila mchuzi. Tulikuwa majirani miaka yote hiyo, ukuta mmoja wa mabati katikati yetu.

Alinifundisha. Viazi visichemke mpaka vikawa uji. Maji yamwagwe yote, sufuria irudi motoni kidogo ikauke, ndipo uponde. Mikono iliniuma. Lakini kuna wakati fulani mwiko unaanza kwenda wenyewe, rangi ya majani inaingia kwenye viazi taratibu kama asubuhi inavyoingia chumbani, na unasahau kwamba unafanya kazi.

Nikafungua kibanda. Mafundi wakaja, wakaangalia.

"Siste, supu iko wapi? Ama tutachovya kwa upepo?"

"Supu ipo," nikasema. "Leteni vikombe vyenu."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Wakatazamana. Kesho yake walikuja na vikombe vya bati, na yule fundi wa suruali alikuwa amekipaka chake rangi ya kijani ya geti. Nikapiga misumari ukutani, kila mtu akatundika chake. Mukimo au chapati juu ya sahani ya miwa, supu kwenye kikombe chake, anakisuuza mwenyewe. Nailoni ya mwisho niliitumia kuziba tundu la paa.

Lakini mwezi ulikuwa unakwenda, na mafundi peke yao hawangetosha kukiokoa kibanda. Ilibidi niende Rongai.

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua maana yake. Nilipika alfajiri, nikafunga mukimo na kuku ndani ya kitambaa, nikaweka sahani juu. Nilimkuta yule mama kwenye ghala lake. Mlango ulikuwa wazi, jua linaingia, na makapi ya mahindi yalikuwa yakielea hewani kama dhahabu iliyosagwa. Alikuwa amevaa nguo nyeupe ya kanisa, anajiandaa kwenda mkutanoni.

"Koti la mvua," akasema.

"Mama, sikuja kuomba msamaha tu. Nimekuja upime." Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo njia nzima. "Nilibadilisha sahani bila kubadilisha chakula. Sasa nimebadilisha chakula."

Nikampakulia, mukimo ukiwa bado moto, na kipande cha kuku mkavu pembeni. Nikatafuta meza.

"Achana na meza," akasema. Akakaa juu ya gunia, akaweka sahani mapajani, juu ya ile nguo nyeupe.

"Mama, nguo..."

"Si umesema nipime?"

Akala. Hakuharakisha hata kidogo. Wateja wawili walikuja akawapimia mahindi kwa maneno tu, akimwelekeza kijana wa mizani, sahani bado iko pale. Mimi nilisimama nikiangalia kile kitambaa cheupe. Alipomaliza aliinua sahani, akaangalia nguo yake. Akaigeuza sahani, akaigonga kwa kidole.

"Jumamosi nina akina mama kutoka Njoro," akasema. "Na pale getini utaongea wewe, mimi nimechoka kukusemea."

Niliongea. Askari alifunua kikapu, akatafuta mpaka chini, akasema, "Pita." Akina mama walikula chini ya migunga, mbele ya ziwa, bila haraka. Nilikusanya sahani zote kwenye gunia nikazipeleka kwa mama mboga, ambaye huzirarua, huzilowesha na kuzichanganya na majani kwenye shimo lake la mbolea. Haziozi kwa siku moja, msidanganywe. Zinataka maji na subira.

Vikundi vingine vikafuata. Mwenye ploti alikuja mwisho wa mwezi, akakuta hakuna nafasi ya kukaa. Akala amesimama. Akaniambia yule wa simu ametafutiwa mahali pengine, kisha akauliza kama naweza kumwongezea kuku kidogo.

Namshukuru mama mboga, ambaye yuko hapa na ananikataza nisimtaje. Namshukuru mama wa Rongai aliyeweka nguo yake hatarini kwa ajili yangu. Nawashukuru mafundi, hata kwa kunicheka, maana walirudi. Na nyinyi wa chama hiki, mliniazima sufuria kubwa za kupikia vile vikundi bila kuniuliza maswali.

Ninachowaachia ni kidogo. Ukitaka kubadilisha kitu kimoja jikoni, viulize na vile vingine kama viko tayari. Na umwulize jirani anapikaje kwao. Mimi sasa kila alfajiri husimama kwanza mbele ya jiko baridi, sijawasha bado, nikiviangalia vyote kimya, sufuria, mwiko, sahani, maji. Halafu ndipo nawasha moto.